Ndege za Desemba Kutoka Joni

Wiki iliyopita nilikaa karibu saa nzima katika ofisi ya tiketi za ndege hapa mjini Iringa, kwenye kiti cha plastiki kilichopasuka upande mmoja, nikingoja binti yangu apige simu kutoka ng'ambo. Nyumbani sina simu. Tumezoea kwamba yeye hupiga pale ofisini, na karani, ambaye nilimfundisha tangu akiwa na mapengo ya meno ya mbele, hupokea na kunipitishia maneno, kwa sababu mkonga wa simu ile unataka sikio lililouzoea. Mimi nikiushika husikia upepo tu. Nilikuwa nimekwenda kujua kama atakuja Krismasi. Kila mwaka Desemba ikikaribia mashirika ya ndege huongeza safari kwa ajili ya watu kama yeye, waliowaacha wazazi upande mmoja wa dunia na kuzaa watoto upande mwingine, na kila mwaka safari hizo za nyongeza hujaa kabla mimi sijajua kwamba zimetangazwa.

Karani alisikiliza kwa muda, kisha akafunika mkonga kwa kiganja.

"Mwalimu, anasema za sikukuu zimejaa zote. Anasema labda Pasaka. Nimwambie nini?"

Sikumjibu mara moja. Wala si kwa hasira, rafiki yangu. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu ule wa mtu aliyekwisha kulijua jibu njiani. Nilimtazama karani yule alivyosimama katikati yetu, mkonga sikioni na macho kwangu, akisubiri kubeba neno, nami nikajiona mwenyewe. Kazi hiyo niliifanya kabla sijajua kusoma.

Zilikuwa zile Desemba za miaka ya hamsini, nasi tulikuwa tunaishi Mbeya, chini ya mlima, umbali wa kutembea hadi uwanja wa ndege. Nikisema uwanja usifikirie lami na majengo. Ulikuwa uwanda wa nyasi, kibanda kimoja cha bati, na mfuko mwekundu uliopauka juu ya mlingoti wa kuonyesha upepo. Siku zote ambazo haukuwa uwanja ulikuwa malisho. Siku ya ndege mlinzi wake, mzee mwenye koti la kijeshi lisilo na vifungo, alipiga kwa nondo rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na wachungaji wa kila upande wakaja mbio kuwaondoa ng'ombe wao. Hadi leo, nikisikia chuma kikigongwa mahali, mwili wangu husimama kabla ya akili kuuliza kuna nini.

Ndege zile hazikuwa za watu wa mjini. Zilikuwa za wanaume waliokwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, mahali ambapo kwetu paliitwa Joni tu, kana kwamba ni jina la jirani. Walichukuliwa kwa mkataba, wakapakiwa, na mkataba ulipokwisha walirudishwa. Mwaka mzima ndege ilikuja mara chache, ikichukua wengi na kuleta wachache. Lakini wiki za kabla ya Krismasi mambo yaligeuka. Ziliongezwa ndege za kuwaleta nyumbani wale waliopewa likizo, ili wawahi mvua, wapande mahindi, waone watoto waliozaliwa nyuma yao. Mwaka ninaousimulia zilitangazwa tatu.

Baba yangu alikuwa ameondoka nikiwa na miaka miwili. Sasa nilikuwa na saba. Uso wake niliujua kwa picha moja aliyoituma, ameegemea kiti cha studio, kofia yenye utepe mpana imeinamishwa upande, tai shingoni. Barua yake ya mwisho, ambayo mwalimu wa shule ya misheni alimsomea mama mara tatu, ilisema atakuja na ndege za Desemba. Mama aliitia barua ndani ya Biblia. Mwaka uliotangulia pia alikuwa amesema hivyo, na mwaka uliotangulia huo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa amechoka na barua. Alikuja wakati wa kuvuna, akakaa uani, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Dada, Krismasi hii ikipita bila mumeo, nakuja kukuchukua. Mwanamke si kufuli la kufungia nyumba tupu." Mimi nilielewa kitu kimoja tu, na nilikielewa vizuri kuliko wote: mama akichukuliwa, mimi ningebaki, maana nilikuwa mtoto wa upande wa baba. Kwa hiyo nilipokuwa nikitazama angani Desemba ile sikuwa nikimngoja baba. Nilikuwa nikimlinda mama.

Hapa lazima nieleze desturi, la sivyo hutaelewa yaliyotokea. Kwetu Wanyakyusa, katika siku zile, mke hakuonana na baba mkwe wake. Akimsikia njiani huingia majanini. Akikutana naye ghafla hujifunika kanga kichwani na kumpa mgongo hadi apite. Hakuna uadui ndani yake. Ni heshima, nzito kiasi kwamba haina pa kukaa isipokuwa mbali. Babu alikaa nyumba ya mbele, mama na mimi nyumba ya nyuma, na tangu bibi alipofariki mdomo wa boma ulikuwa mimi. Mama alipika, mimi nikapeleka. Babu alisema, mimi nikarudisha. Hata pale walipokuwa wametenganishwa na ukuta wa fito tu, na kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake, maneno yalipitia kwangu.

"Mwambie babu yako chai ipo tayari," mama angesema.

"Babu, chai ipo tayari."

"Mwambie mama yako nimesikia. Na mwambie sukari ya jana ilikuwa ya kunusa tu."

"Mama, babu anasema—"

"Mwambie babu yako aliyeimaliza sukari si mimi. Aangalie mfuko wa koti lake."

Babu angecheka hadi akakohoa, na nyuma ya ukuta ningesikia mama naye akicheka ndani ya kanga yake. Wakati huo sikujua kwamba watu wanaweza kupendana kwa njia hiyo. Nilidhani wananichosha.

Ndege ya kwanza ilipotangazwa mama aliamka kabla ya jogoo akapika mbalaga, zile ndizi zetu, kwa maharage na maziwa, akazifunika kwa majani ya mgomba ndani ya kikapu ili zifike na moto wake. Jirani yetu, mwanamke mwenye maneno, alikuwa akifagia kwake tulipopita.

"Jirani, ndizi zote hizo! Zisije zikarudi na wewe."

"Zikirudi nitakuletea," mama alisema. "Najua ulipo."

Zilirudi. Na za ndege ya pili zilirudi pia, na jirani akazila, akasifu chumvi.

Uwanjani tulikuwa na utaratibu wetu. Babu alisimama langoni, karibu na kibanda, kwa sababu haki ya kumpokea mwana kwanza ni ya baba yake, na hapakuwa na mtu wa kumwondoa pale. Na kwa kuwa yeye alikuwa langoni, mama hakuweza kukaribia. Alikaa ng'ambo ya uzio, nyuma ya mikaratusi, mbali kiasi cha kutambua mwendo wa mtu lakini si uso wake. Tatizo lilikuwa macho ya babu. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, na fahari ilimzuia kulikiri hilo. Sasa fikiri. Aliyeijua sura ya baba hakuruhusiwa kusogea. Aliyeruhusiwa kusogea hakuweza kuona. Katikati yao nilikuwepo mimi, mwenye macho mazima, ambaye huyo tuliyekuwa tukimpokea nilimjua kwa picha tu.

Ndege ya tatu, ya mwisho, ilitokea upande wa Mbozi mchana, mvua ikiwa imeshikwa juu ya mlima. Rimu ikapigwa, ng'ombe wakaondoka wakiburuta mikia. Ndege iligusa nyasi, ikaruka kidogo, ikagusa tena, na vumbi likainuka nyuma yake. Wanaume wakaanza kuteremka na masanduku ya bati na mablanketi mapya mabegani. Nililiona kundi likimeguka, kila mmoja akivutwa na mikono ya kwao, vigelegele huku, kilio kule, hadi akabaki mmoja aliyesimama peke yake karibu na ngazi. Alikuwa amevaa kofia yenye utepe mpana, imeinamishwa upande.

Nilikimbia. Sikumbuki uzio wala lango, nakumbuka uzito wa kikapu ukinigonga goti. Nilipiga goti mbele yake.

"Shikamoo baba! Mama yuko kule kwenye miti. Hawezi kuja, babu yupo."

Alinitazama kama mtu anayetazama midomo. Kisha akatabasamu na kuweka mkono kichwani pangu, mkono mkubwa wenye kovu la samawati, na akapokea kikapu. Nyuma yangu babu alikuwa akiita: "Ndiye? Wewe mtoto, ndiye?" Nami nikapaza sauti kwa furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa kiasi kile: "Ndiye, babu! Ndiye!"

Babu alikuja mikono mbele. Akamshika mabega, akamshika masikio, akampapasa mgongo kama anayenunua fahali, akisema kwa Kinyakyusa maneno yote aliyoyaweka akiba kwa miaka mitano. Yule mtu alitikisa kichwa kwa adabu na kusema kwa Kiswahili cha taratibu, "Asante mzee. Asante sana."

"Joni imeila lugha yake," babu alituambia sote, na machozi yakimteremka. "Si kitu. Lugha hurudi. Mwache ale, mwache ale kwanza."

Akala. Alikaa juu ya sanduku lake, akafunua majani, mvuke ukamgonga uso, na akala jinsi anavyokula mtu aliyesafiri siku nyingi kwa treni na ndege na hakutarajia kupokewa na yeyote. Babu alisimama karibu na kumshika bega, asiondoke tena. Mimi nilikuwa nikiruka kwa mguu mmoja. Mama amebaki, niliimba ndani yangu, mama amebaki, mama amebaki.

Nilipoinua macho nilimwona mama akitoka kwenye mikaratusi.

Hakukimbia. Alitembea katikati ya uwanja, kwenye nyasi zilizolala kwa upepo wa ndege, na kanga yake haikuwa kichwani. Ilikuwa mabegani, na uso wake ulikuwa wazi kabisa. Wanawake wa kwetu waliojua walishika midomo. Mlinzi aliacha nondo yake ikaanguka. Mama alikuja hadi hatua tatu mbele ya babu, umbali ambao hakuna mke wa mtu aliyewahi kusimama mbele ya baba mkwe wake mahali pale, akasema, si kwangu bali kwake:

"Baba, huyu siye."

Yalikuwa maneno matatu. Alikuwa na miaka tisa katika boma lile, na hayo ndiyo ya kwanza aliyomwambia uso kwa uso.

Yule mtu hakusikia, lakini aliona. Baadaye tulijua kwamba mashine za mgodini zilikuwa zimemmaliza masikio. Alikuwa mtu wa Mufindi, anangoja lori la kwenda Iringa, na alidhani watu wa Mbeya ndivyo wanavyowakaribisha wapita njia. Sasa alitazama uso wa mama, kisha wa babu, kisha wangu. Akavua kofia. Bila kofia hakufanana na picha hata kidogo. Alikuwa na upara na uso wa mtu mwema aliyezeeka kabla ya wakati. Alianza kurudisha ndizi kikapuni, moja moja.

Babu alikuwa bado amemshika bega. Taratibu aliondoa mkono. Nilingoja amkemee mama. Kila mtu alingoja. Aliugeuza uso wake pembeni, akayafunika kwa viganja macho yale ambayo hata hivyo hayakuona kitu, akampa mama heshima yake yote pale hadharani, na akanitafuta kwa sauti.

"Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Nipo, babu."

"Mwambie mama yako nimesikia." Kisha akaongeza, "Na mwambie mgeni amalize kula."

Nikamwambia mama. Alikuwa amesimama pale pale na alikuwa amesikia kila neno, lakini alingoja nimalize, kisha akajifunika kanga na kugeuka.

Njiani nilimuuliza alijua lini. "Alipokanyaga ngazi," alisema. "Mguu ule si wa baba yako." Nikamuuliza kwa nini hakuniita mapema. "Nilitaka nikae kimya," alisema. "Nikaona babu yako anamshika masikio mtu asiye mwanawe."

Mjomba alikuja wiki moja baada ya Krismasi, mvua ikinyesha, na kamba ya kufungia mizigo ikiwa tayari mkononi. Babu alimkaribisha nyumba ya mbele. Mimi nilikaa mlangoni. Babu alimwacha aseme yote, kisha akasema kwamba mke wa mwanawe alikuwa amemjia na uso wazi na kumwambia jambo la kweli ambalo hakuna mwingine aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia. "Mkwe hafanyi hivyo," alisema. "Anayefanya hivyo ni binti. Sasa wewe unakuja kumchukua binti kwa baba yake umpeleke wapi?" Kisha akanigeukia. "Lakini muulize mwenyewe. Mwambie asiniogope."

Nilivuka ua mbio kwenye matope. Mama alikuwa akipepeta mahindi. Nilimpa maneno yote, nikayarudia, na nikaongeza la kwangu ambalo sikutumwa: "Mama, usiende."

Aliendelea kupepeta hadi ungo ukawa safi. "Mwambie mjomba wako avue viatu, nampikia," alisema. "Na mwambie babu yako nipo."

Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao babu siku ile, sina hakika tena kama alimfungulia mama mlango au aliufunga kwa upole. Baba hakuja. Desemba iliyofuata mama alikwenda tena uwanjani, na iliyofuata, sasa bila kikapu. Kisha nchi ikapata bendera yake, na wakubwa wakasema watu wetu hawataendelea kupelekwa kule, na zile ndege zikakoma. Hakuna aliyetangaza. Ilikuja tu Desemba moja ambayo rimu haikugongwa, na ng'ombe wakalala katikati ya uwanja hadi jioni. Nadhani mama alipumzika mwaka ule. Nilimwona akishona.

Mimi nilikwenda shule ya bweni, baadaye chuo. Nilihofia nyumba ingekaa bila mdomo. Niliporudi likizo ya kwanza niliwakuta wamepata dawa yao: mtungi wa maji uliokuwa kwenye kizingiti kati ya nyumba mbili. "Mtungi, mwambie babu chai ipo," mama alisema bila kucheka. Na babu, ambaye sasa hakuona hata mwanga, alijibu kutoka kitini kwake: "Mtungi, mwambie binti yangu nimesikia." Hakuwa na macho ya kumwona, na bado kila alipopita mbele yake mama alijifunika. Aliendelea hivyo hadi siku alipomfumba macho yale kwa mkono wake.

Wote wamekwenda. Nilipopita Mbeya mara ya mwisho mikaratusi ilikuwa imekatwa, na mahali pa kibanda paliota magugu. Nilimuuliza kijana mmoja habari za rimu, akadhani natafuta fundi wa magari. Picha ya baba ninayo, ndani ya Biblia ile ile. Huwa naitazama nikijaribu kumkumbuka, na kila mara anayenijia ni mtu wa Mufindi, amekaa juu ya sanduku la bati, mvuke wa ndizi usoni, mkono wa babu begani. Nimekwisha kuacha kushindana na hilo.

"Mwalimu?" karani alisema. "Bado yuko kwenye laini. Anauliza kama umekasirika. Nimwambie nini?"

Nilijiinua kwenye kiti kile kilichopasuka. Magoti yaliuma.

"Mwambie nimesikia," nilisema. "Na muulize kama amekula."